Msiniambie niwatoe watu Jozani

Jana usiku nimepokea maoni ya mwalimu anayetusimamia kuhusu rasimu ya kwanza ya dokumentari yetu ya kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar. Hoja 23, na ya 7 imeninyima usingizi: "Toeni watu, barabara na nguzo za umeme. Hii ni filamu ya wanyamapori."

Nyingi nimezikubali. Dakika 14 zilikuwa nyingi kweli, kila shoti tuliing'ang'ania kwa sababu tuliihangaikia, tumeamka alfajiri tumeumwa na mbu, lakini mtazamaji hiyo taabu haimhusu, sasa tumebaki na dakika 9. Upepo kwenye maikrofoni, sawa, unasikika. Muziki nimepunguza ingawa roho inaniuma mpaka sasa. Hoja ya 15, kwamba tuunge shoti za mama wawili tofauti waonekane kima mmoja, hapana, huo ni uongo.

Ila ya 7 jamani.

Kima punju asili yake ni Unguja tu, dunia nzima hapana kwingine, na Unguja kisiwa cha watu. Ukitoka mjini kwenda kusini barabara inapita ubavuni kabisa mwa msitu wa Jozani, kima wanavuka, wengine wanagongwa na magari, ndo maana yakawekwa matuta pale. Kundi tulilolifuata sisi siku 5 wala halikuwa ndani msituni, lilikuwa mashambani kwa watu linakula majani machanga ya mwembe na mkungu. Nikitoa shamba, nikatoa barabara na nguzo, nabaki na sekunde 40.

Halafu kuna mkaa. Hawa kima wanakula mkaa! Majani ya mwembe na mkungu yana lishe lakini yana kemikali zinazosumbua tumbo, mkaa unazinyonya, na watoto wanajifunza kwa kuwaangalia mama zao. Shoti yetu bora kuliko zote ni ya sekunde 11, mama ana mtoto kifuani, anashuka mpaka kwenye tanuri lililokwishapoa, anakibana kipande cha mkaa kwa vidole na kiganja maana kidole gumba hana, anarudi nacho mtini. Sasa niambieni, mwembe kapanda nani? Mkaa kachoma nani? Nikimtoa mtu hiyo shoti haieleweki tena, na kitu kikubwa kuliko vyote tulichokiona kule kinapotea, kwamba huyu mnyama amejifunza kuishi na sisi.

Na kuna mzee mwenye lile shamba. Asubuhi mbili mfululizo katufungulia geti, katutolea chai, kima wanamlia nazi changa na bado hawarushii hata jiwe. Siku ya kuondoka akaniuliza, "Wanangu, na mimi mtanitia humo?" Nikamwambia ndiyo babu. Nilimaanisha.

Naelewa hoja ya mwalimu imetoka wapi, kwa sababu hata mimi ninayo kichwani. Tumekua tunaangalia filamu za wanyama ambazo Afrika haina mtu hata mmoja, labda askari wa hifadhi na mzungu mwenye darubini, mpaka tukaamini pori zuri ni lile lisilo na sisi. Siku ya pili pale shambani nilisogeza tripodi hatua tatu ili nguzo ya umeme isionekane, na hakuna aliyeniambia nifanye hivyo! Jana ndo nimelikumbuka hilo nikiwa mbele ya lapitopu na likaniumiza kuliko maoni yenyewe.

Kwa hiyo nimemjibu kwa heshima: mwalimu, dakika 5 nimezikata, upepo nimeushughulikia, watu wanabaki. Leo nashinda kwenye hadi diski natafuta ile teki ya kabla sijasogeza tripodi, nguzo inaonekana yote na kima amekaa juu yake karibu na waya.