Vuta, Mume Wangu, Vuta!

Bibi yangu wa Chikongola, Mtwara, anajua nina pumu. Sina. Nina sigara ya umeme niliyoinunua Kariakoo, na siku aliponifuma uani nikitoa mvuke wa embe, ulimi ulinitangulia: "Dawa ya kifua, bibi." Tangu hapo naombewa dua kila alfajiri.

Mwezi wa kumi "dawa" ikaanza kunuka godoro linaloungua. Tatizo koili, ule waya mdogo wenye pamba unaogeuza juisi ya ladha kuwa mvuke. Juisi tamu huacha masizi yakaganda kwenye waya, na kila ukibonyeza unayaunguza upya. Koili mpya mpaka niagize Dar, zaidi ya kilomita 500 kwa basi. Rafiki yangu fundi simu akanielekeza: iloweke kwenye pombe kali usiku kucha, isuuze kwa maji ya moto, iache ikauke siku nzima, kisha itilie juisi pamba ishibe ndipo uwashe.

Pombe kali, Mtwara, msimu wa mabibo! Nikanunua nipa, gongo ya mabibo ya korosho, ya jero, nikailoweka kwenye kikombe cha kahawa, nikakisukuma uvunguni.

Asubuhi koili inang'aa kama hereni ya bi harusi. Kusuuza nikaruka. Kukausha, nikaifuta kwa shati. (Waya unafutika. Pamba je?) Nikafunga, nikabonyeza mara tano, nikavuta.

Chwaaa! Nipa ikachemka kwenye waya ikanirukia ulimini. Nikakohoa mpaka kofia ikadondoka. Machozi, kamasi, sauti hakuna. Bibi akaingia mbio, akaiokota "dawa" sakafuni, akanikaba shingo kama anayemnywesha mbuzi.

"Vuta, mume wangu! Vuta!"

Nikitikisa kichwa, anaona ndiyo roho inatoka. Akabonyeza mwenyewe, kumbe siku zote ananitazama, amejifunza. Nikavuta ya pili. Ya tatu, nikaiona Msangamkuu ya ng'ambo ya maji bila kupanda boti.

Ghafla akatulia. Akanusa kile kidude, akaninusa mdomo, akainama uvunguni akatoka na kikombe. Mimi natafuta uongo wa pili. Bibi, mwanamke asiyepita hata njia yenye kilabu, akachovya kidole, akalamba, akafumba macho.

"Umenunua shilingi ngapi?"

"Jero, bibi."

"Wamekuibia. Hii wameitia maji."