Kiza Tumekilipia, Jamani!

Hivi mtu anayelipa kiingilio ili aingizwe kizani, kisha akawasha simu inayong'ara kuliko karabai ya wavuvi wa dagaa, huwa amefuata nini? Juzi niliwapeleka wanangu kwenye kuba la kuonyeshea nyota, lile linalojazwa upepo, katika skuli moja hapa Unguja, na kabla Kilimia, lile kundi la nyota, hakijachomoza, baba mmoja alikwisha kuumulika ukoo wake mzima kwa picha. Jicho huhitaji dakika 20 au zaidi kuzoea kiza. Sisi tulipewa hata mbili? Kitindamimba wangu akauliza kama ile iliyong'ara kuliko zote ndiyo Zuhura. La, mwanangu, ile ni simu ya bibi wa nyuma yetu, anapokea salamu kutoka Pemba.