Ukungu-ute wa msituni: tuuhesabu kwa sahani au kwa DNA?

Ukungu-ute si kuvu, ingawa vitabu vya zamani viliupanga pamoja na uyoga. Ni amiba wanaoishi udongoni wakila bakteria. Kundi moja, diktiostelidi, likipatwa na njaa hukusanyika seli maelfu kwa maelfu na kujenga kijiti cha milimita chache chenye tone la spora kichwani. Katika Dictyostelium discoideum, aliyogundua Kenneth Raper mwaka 1933 kwenye msitu wa North Carolina, Marekani, takriban seli moja kati ya tano hufa ili kijiti kisimame. Kundi la pili, miksomiseti, hutandaza ute unaotambaa juu ya magogo na majani yaliyooza.

Sasa, msitu mmoja una spishi ngapi? Jibu linategemea unamuuliza nani.

Wa sahani, yaani watafiti wanaootesha ukungu-ute kwenye visahani vya maabara, wana utaratibu ambao James Cavender na Raper waliueleza mwaka 1965. Gramu 10 za udongo huchanganywa na maji safi, mchanganyiko huzimuliwa hadi 1 kwa 25, kisha nusu mililita humwagwa juu ya agari, jeli ya kuoteshea vijidudu, iliyopikwa kwa maji ya nyasi kavu, pamoja na bakteria E. coli kama chakula. Kila sahani inabeba gramu 0.02 tu za udongo. Baada ya siku chache vijiti vinachomoza, na mwenye darubini ya kawaida anavihesabu na kuvitambua. Cavender alichunguza hivyo udongo wa misitu ya Afrika Mashariki na kuchapisha matokeo mwaka 1969.

Udhaifu wake uko wazi: amiba asiyependa agari ile, joto lile au bakteria wale hatokezi, na asiyetokeza hahesabiwi. Kwa miksomiseti ndiyo usiseme. Mtafiti anaweza kuzunguka msituni siku nzima bila kuona ute wowote, na kumbe chini ya viatu vyake amiba wamejaa tele.

Hapo ndipo wa DNA, wanaosoma jeni moja kwa moja kutoka udongoni, wanaposhika usukani, na wana haki. Mwaka 2015 uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba Trichia varia, miksomiseti iliyodhaniwa spishi moja, ni makundi matatu yasiyozaliana. Jicho peke yake lisingeng'amua hilo.

Ila sikubali kwamba mashine imemaliza kazi. Vianzio, yaani vipande vifupi vya DNA vya kunasia jeni inayotafutwa, vinavyotumika sana kwenye udongo hunasa miksomiseti wa spora nyeusi; wale wa spora angavu, Trichia akiwemo, hupitwa kana kwamba hawapo. Jeni ya ribosomu, ambayo ndiyo husomwa, nayo inaweza kuwa na nakala nyingi mno ndani ya seli moja, hivyo wingi wa nakala si wingi wa amiba. Tena spora iliyoletwa na upepo huacha DNA yake hata kama haijawahi kuota hapo. Kibaya zaidi, mfuatano wa DNA usio na sampuli ya kulinganishwa nayo unabaki namba isiyo na jina, na sampuli hizo hutoka kwa watu wa sahani na wa magogo.

Kwa hiyo kwa misitu kama ya Usambara, ningeanza na sahani. Ni rahisi, na chuo chenye maabara ya kawaida ya baiolojia kinaimudu. Sehemu ya udongo uleule igandishwe tangu siku ya kwanza, ili fedha za DNA zikipatikana zisitumike kurudia safari.