Ndege juu ya mkanda: swali moja lililobeba maswali mawili

Ndege imewekwa juu ya mkanda, mfano wa ule unaotuletea mabegi kwenye viwanja vya ndege, ila huu ni mpana na mrefu kama njia ya kurukia. Rubani anafungulia injini hadi mwisho. Kila ndege inapoongeza kasi kwenda mbele, mkanda nao unakimbia kinyumenyume kwa kasi ileile. Je, ndege itapaa?

Swali hili limewabishanisha watu kwa miaka mingi, wahandisi na marubani wakiwemo. Mimi niko upande wa wanaosema itapaa. Hata hivyo, wanaokataa hawakatai kwa sababu moja. Wapo waliokosea, na wapo ambao ukiwasikiliza vizuri utakuta wanajibu swali jingine kabisa, tena wanalijibu sawasawa.

Tuanze na waliokosea, maana ndio wengi. Hoja yao inatoka barabarani. Injini ya gari huzungusha magurudumu, magurudumu husukuma barabara kwenda nyuma, gari likasonga. Barabara ikikimbia kinyume kwa kasi ileile, gari litabaki palepale, kama mtu aliye juu ya mashine ya kukimbilia: jasho linamtoka, lakini hajasogea hata hatua. Ndege isiposogea, wanasema, hakuna hewa itakayopita kwenye mabawa, na bila hewa hiyo hakuna kupaa. Hapo mwisho wako sahihi kabisa. Walikojikwaa ni mwanzoni, walipoichukulia ndege kama gari.

Magurudumu ya ndege hayaunganishwi na injini inayoirusha. Yana breki, na la mbele au la nyuma husaidia kukata kona, basi. Kinachoisogeza ndege ni rafadha, yaani mapanga yanayozungushwa na injini, au jeti inayosukuma hewa kwenda nyuma, na hewa haijali ardhi inafanya nini. Magurudumu yanafanya kazi ya magurudumu ya mkokoteni: yanabeba, hayavuti.

Asiyeamini ajaribu nyumbani. Tandika kanga juu ya meza, weka juu yake kigari cha mtoto, kishike kwa mkono na ukisukume mbele huku mwenzako akiivuta kanga kuelekea nyuma. Magurudumu yatazunguka mbiombio, lakini mkono wako hautahisi tofauti kubwa, na kigari kitafika unakokipeleka. Mkono wako ndiyo rafadha.

Kwa ndege halisi, tuchukue Cessna 172, ndogo ya injini moja ambayo wanafunzi wengi wa urubani huanza nayo. Ikijaa ina uzito wa kama kilo 1,100, na huinuka ikifikia takriban kilomita 100 kwa saa. Ukinzani wa magurudumu kwenye lami ni kiasi cha asilimia 2 ya uzito, yaani kama kilo 22. Rafadha yake inapoanza kuvuta hutoa msukumo wa zaidi ya kilo 200. Mkanda ukiongeza kasi ya magurudumu maradufu, ukinzani huo hauongezeki maradufu, kwa kuwa msuguano wa aina hii hautegemei sana kasi. Rubani atahitaji umbali mrefu kidogo tu kuliko kawaida.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko kwenye viwanja vidogo vya ndege, na hauhitaji hesabu. Ndege nyepesi zikiegeshwa hufungwa kamba ardhini. Upepo mkali unaweza kuinyanyua ndege ambayo magurudumu yake hayajazunguka hata mara moja. Mabawa yanapima hewa tu.

Lakini upande wetu nao una watu wanaotuharibia hoja. Wapo wanaosema itapaa ikiwa imesimama palepale, ipande moja kwa moja kama helikopta, na kwamba mkanda wa namna hiyo ungetuondolea haja ya njia ndefu. Hapana. Mtu aliyesimama pembeni ataiona ndege ikimpita kwa kasi ya kawaida ya kuruka. Mkanda mfupi utaisha kabla haijapaa. Wengine hudai kwamba upepo wa rafadha unaopita juu ya mabawa unatosha kuinyanyua. Ungetosha, kila ndege ya rafadha ingepaa huku rubani amekanyaga breki.

Sasa nirudi kwa wale wanaokataa kwa haki. Wao hawasomi "mkanda una kasi ya ndege", wanasoma "mkanda una kasi ya magurudumu". Ni maneno machache, ila yanageuza kila kitu. Kasi ya gurudumu juu ya mkanda ni kasi ya ndege ukijumlisha na ya mkanda. Ukiamuru mkanda na gurudumu vilingane daima, umeshaamuru kasi ya ndege iwe sifuri. Aliyeuliza hivyo hakuuliza kama ndege itapaa. Ameweka sharti kwamba isisogee.

Je, mkanda ungeweza kulitimiza sharti hilo? Kwa kani, ndiyo, kwa muda mfupi. Gurudumu lina uzito, na kuliongezea kasi ya kuzunguka kunahitaji nguvu, kwa hiyo mkanda unaochochea mbio bila kikomo unaweza kuishikilia ndege. Tuseme magurudumu matatu yana jumla ya kilo 25, na tuyahesabu kama visahani vizima. Kuzuia msukumo wa kilo 200, mkanda utapaswa kuongeza karibu kilomita 570 kwa saa katika kila sekunde. Matairi mengi ya ndege ndogo yanaruhusiwa hadi kilomita 190 hivi kwa saa. Sekunde moja haitaisha salama. Tena mkanda mpana wenye mbio hizo utaburuta hewa iliyo juu yake kuelekea nyuma, na kwa rubani huo ni upepo wa usoni, uleule ambao mabawa yanautaka.

Mwaka 2008 kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kilijaribu jambo hili kwa ndege nyepesi iliyowekwa juu ya turubai refu, na pikapu ikilivuta turubai kinyume. Rubani mwenyewe aliamini haitapaa. Ilipaa. Waliosoma swali kwa sharti kali walilalamika kwamba turubai lilifuata kasi ya ndege, halikufuata ya magurudumu. Wana haki, lakini mkanda wanaoutaka wao hakuna karakana inayoweza kuutengeneza.

Wasiwasi nilionao mimi ni wa matairi ya ndege kubwa. Boeing 737 huinuka kwa kiasi cha kilomita 260 kwa saa au zaidi, na matairi ya ndege za aina hiyo kwa kawaida huthibitishwa hadi kilomita 362. Juu ya mkanda yangezunguka kwa zaidi ya 500. Cessna naiamini. Kwa 737 iliyojaa abiria, injini zina nguvu ya kutosha, lakini sitaahidi kwamba matairi yatafika mwisho wa mkanda yakiwa mazima.