Usiku Spika Zilipopiga Yowe

Mfumo wa zamani wa kompyuta yangu ulijizima kujisasisha katikati ya kurekodi. Mara ya tatu nikaapa: nahamia mfumo mwingine, Linux. Ila uoga nao ni mali, sikufuta kitu. Nilitia Ubuntu Studio, Linux ya watu wa muziki na video, kwenye flashi, nikaiwashia kompyuta hapohapo ili nionje kwanza. Saa sita usiku, nyumba nzima imelala.

Kadi yangu ya sauti ya USB ikatambuliwa papo hapo, bila draiva wala dua. Nikafungua Ardour, programu ya kurekodi, nikasema "moja, mbili". Mita inaruka, spika kimya. Nikapandisha sauti kwenye programu. Kimya. Nikapandisha kwenye kadi. Kimya. Nikaifuata spika yenyewe, nikazungusha kitufe mpaka kikagoma.

Ndipo nikafungua qpwgraph, ile ramani inayokuchorea nyaya za sauti, inatoka wapi inakwenda wapi. Lo! Yote ilikuwa ikienda HDMI, yaani kwenye skrini yangu, ambayo haijawahi kuwa na spika tangu itoke kiwandani. Nikaushika waya kwa kipanya, nikauvuta hadi kwenye kadi, kifua mbele kama fundi mkuu.

Vitufe vyote vitatu, kumbuka, viko mwisho. Na kipaza sauti kiko wazi, kimeitazama spika.

Iiiiiiiii!

Kipaza kinasikia spika, spika inakirudishia, wanapandishana kama wagombanao kila mmoja akitaka neno la mwisho. Nikarukia kipanya, kikaanguka. Nikapapasa kitufe cha spika, nikakizungusha upande uleule. Mwishowe nikang'oa waya wa umeme wa spika ukutani.

Mke wangu mlangoni, shuka begani.

"Baba watoto, ndiyo hiyo Linux?"

"Siyo Linux, ni mimi."

"Wewe nimeshakuzoea. Hilo lingine lizime."

Alipoondoka nikaona kitufe chekundu kinawaka. Kilikuwa kinarekodi tangu "moja, mbili". Nikavaa hedifoni. Baada ya yowe, kila kitu kimo: mlango, mama mtu akinisema, safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja. Na bafa, lile fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulipitisha, likiwa dogo mno huleta mikwaruzo, nilikuwa nimeiweka sampuli 128, ambazo kwa 48,000 kwa sekunde hazifiki hata milisekunde 3. Kule nilikotoka, 128 ilikuwa inakwaruza kama redio yenye betri zinazokata roho.

Nikaisikiliza ile "lizime" mara nne.

Asubuhi nikamwambia nimeamua, nahamia.

Akaniuliza, "Kwa nani?"