Daktari hakuuliza habari za mbuzi

Mara ya kwanza mdogo wangu alipoingia kwa daktari kule Uingereza, aliulizwa swali zuri kabisa: umesafiri nje ya nchi karibuni? Akajibu hapana. Na hakudanganya. Miezi mitatu nyuma alikuwa kwetu Kibosho, Kilimanjaro, lakini Mchaga akipanda nyumbani Desemba hajasafiri, amerudi kwao. Safari ni kwenda Dubai kuchukua mzigo, au Dar kwenye msiba. Migombani si safari.

Neno hilo moja lilitugharimu miezi minane.

Yeye ana miaka 44 na anafanya kazi ya kutunza wazee katika mji mmoja wa kusini mwa Uingereza. Februari 2025 alianza kutokwa jasho usiku, jasho la kubadilisha shuka mara mbili, na nje baridi ya kukata masikio. Homa inapanda jioni, asubuhi haipo. Wiki moja anaumwa, wiki mbili yuko sawa, halafu inarudi. Kiuno kinauma hadi anapoinua bibi wa watu kitandani anauma meno. Akapungua kilo 9. Kwenye simu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa usingizini, saa yoyote utakayompigia.

Alikwenda mara saba. Mara ya kwanza ni virusi, pumzika, kunywa maji mengi. Mara ya pili ni kazi, unainua watu wazito. Mara ya tatu wakapima damu wakakuta vitamini D iko chini, na hapo kila mtu akafurahi kwamba jibu limepatikana. (Karibu kila mtu mweusi ninayemjua anayeishi kule ameambiwa vitamini D yake iko chini. Jua lao ndilo hilo. Lakini sijawahi kuona vitamini D ikimpandishia mtu homa kila jioni.) Baadaye ikawa umri, hedhi inakaribia kukoma, jasho ni kawaida. Mwishowe akaulizwa kwa upole kama ana mawazo, kama nyumbani kuna amani.

Mimi nimefanya kazi maabara hapa Moshi miaka 31 kabla ya kustaafu, na nakiri kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nikimsikiliza kwa sikio la dada, siyo la mtu wa maabara. Nikawa na hasira. Nikasema maneno tunayosema wote: wazungu hawatujali, ukiwa mweusi unaumwa peke yako. Na sikatai kwamba ubaguzi upo. Uingereza kwenyewe takwimu zao zinaonyesha mwanamke mweusi ana hatari zaidi ya mara mbili ya mwanamke mzungu kufa kwa sababu za uzazi, na hakuna anayeweza kuniambia hiyo ni bahati mbaya. Ila hasira ile ilinipofusha. Nilikuwa najibu swali la kwa nini hawampendi, wakati swali lenyewe lilikuwa wanatafuta nini.

Kila daktari hutafuta magonjwa ya mtaani kwake. Yule wa kule ana kama dakika kumi kwa mgonjwa mmoja, foleni iko nje, na kichwani mwake jasho la usiku kwa mama wa miaka 44 lina maelezo matatu au manne ya haraka. Hayo ndiyo atakayoyafuata, na mara nyingi atapatia.

Na kabla hatujamcheka, tujitazame. Nani kati yetu hajatoka zahanati na karatasi iliyoandikwa malaria, taifodi na UTI, zote tatu kwa mpigo, na bado akaulizwa na jirani, "Malaria ngapi?" Utafiti uliofanyika hapahapa Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi kati ya 2007 na 2008, uliwahusisha wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Asilimia 60.7 waliandikiwa malaria. Vipimo vya uhakika vilipofanyika, wenye malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Katika waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo, na humo mlikuwa na brusela, ugonjwa wa ng'ombe na mbuzi unaoingia pia kwa watu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2013 niliyasoma nikakaa kimya siku nzima. Slaidi nilizopitisha chini ya darubini maisha yangu yote, nyingi hazikuwa na kitu, na mgonjwa bado alipewa dawa ya malaria kwa sababu homa ni malaria, basi. Kwa hiyo daktari wa kule anayesema virusi na daktari wa hapa anayesema malaria ni mtu mmoja, wametofautiana koti tu.

Sasa dhambi yangu. Mwezi wa Mei kulikuwa na mama wa kanisani anakwenda kumtembelea mwanawe kulekule. Nikamfungia Alu, dawa ya malaria, nikamfungia na doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ya wiki moja, nikaweka kwenye soksi kama tunavyofanya wote. Mdogo wangu akameza Alu, wapi. Akameza doksisaiklini, na Bwana asifiwe, homa ikaisha! Akapiga simu anacheka. Akaifuta miadi ya kipimo iliyokuwa imepangwa, kwani ya nini tena?

Wiki tatu baadaye ilirudi na nguvu zaidi.

Nilichokuwa nimefanya ni kumpa mgonjwa nusu ya tiba ya ugonjwa nisioujua. Dawa ya kuua vijidudu ikitangulia, damu ikienda kuoteshwa maabara ili vijidudu vikue vionekane, inaweza isioteshe chochote, na karatasi itasema hakuna kitu. Mimi, mtu wa maabara, nilijua hilo. Nilimfundisha mwanafunzi baada ya mwanafunzi: chukua sampuli kwanza, dawa baadaye. Lakini ndugu akilia kwenye simu elimu inakaa pembeni. Wanaotuma vidonge kwenye masanduku nawaelewa kabisa, na bado nasema tuache.

Ila kile kicheko cha wiki moja ndicho kilichoniamsha. Homa inayokuja na kwenda, jasho, kiuno, inayosikia doksisaiklini kidogo kisha ikarudi. Nilikuwa jikoni nachemsha maziwa nikamkumbuka mbuzi.

Desemba 2024 pale nyumbani tulikuwa na mbuzi wawili wa mnadani wa sikukuu. Mmoja jike, na hakuna aliyejua kwamba ana mimba mpaka alipoitupa usiku wa tarehe 22. Mama alimwita mdogo wangu kwa kuwa ndiye aliyekuwa macho, na akatoa vile vitoto vilivyokufa na kondo lake, akavifukia kwenye migomba. Kwa mikono mitupu. Nani ana glavu migombani? Asubuhi tukala mtori tukaenda kanisani, na maziwa ya yule jike mama akayakamua, akisema dawa ya kifua hiyo, msichemshe.

Brusela ikimpata ng'ombe au mbuzi humfanya atupe mimba. Binadamu huipata kwa kugusa hayo maji na kondo, au kwa maziwa mabichi. Wafugaji wa kwetu wanaijua kwa mifugo kuliko wanavyoijua kwa watu. Huko Uingereza ng'ombe wao walishasafishwa ugonjwa huo zamani, na wagonjwa wachache wanaoonekana kwa mwaka karibu wote wameupata nje. Daktari wa familia anaweza kuanza kazi na kustaafu bila kumwona hata mmoja. Angeuliza habari za mbuzi kwa sababu gani?

Kuna msemo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na shangazi yetu aliutumia sana kipindi kile, kana kwamba mtoto alikuwa anaficha. Hakuficha. Aliulizwa swali lililokuwa na umbo la maisha ya mtu mwingine. Umesafiri karibuni ni swali la mtu anayekwenda Hispania kuota jua. Mtu mwenye makwao mawili unamuuliza: kwenu ni wapi, ulifika lini mara ya mwisho, ulikula nini, uligusa nini? Ningekuwa na uwezo ningelibadilisha swali hilo kwenye kompyuta zote za madaktari wa kule kesho asubuhi.

Kwa kuwa sina uwezo huo, tuliandika barua. Ukurasa mmoja. Tuliiandika Kiswahili kwanza, mimi na yeye kwenye simu, kisha binti yake akaigeuza Kiingereza. Haikuwa na neno brusela mpaka mstari wa mwisho, na hilo nililisisitiza mimi, kwa sababu daktari akianza kusoma jina la ugonjwa anafikiri umetoka kwenye Google na anafunga masikio. Tulianza na tarehe. Alipotua uwanja wa ndege wa KIA, alipoondoka, usiku wa mbuzi, maziwa, siku ya homa ya kwanza. Joto la mwili jioni kwa siku 14 mfululizo, alilojipima mwenyewe na kipimajoto cha dukani. Kilo kabla na kilo sasa. Kitu ambacho hawezi tena kukifanya kazini. Dawa zote alizomeza, pamoja na zile za kwenye soksi, hata kama ni aibu. Mwisho kabisa: naomba nichunguzwe brusela, na kama damu itapelekwa kuoteshwa, maabara waambiwe, maana kijidudu hiki kinawaambukiza watu wa maabara. Mstari huo wa mwisho niliuweka kwa ajili ya wenzangu wasionijua, waliovaa koti kama langu.

Nikamwonya na jambo jingine. Sisi tunasalimiana tukiwa tunakufa. Mtu yuko ICU unamuuliza hali, anasema namshukuru Mungu, sijambo. Daktari wa kule akisema habari za leo, mdogo wangu alikuwa anajibu nzuri, anatabasamu, amevaa vizuri, amepaka na mafuta ya mdomo, maana mama alitulea kwamba hospitali huendi kama mwendawazimu. Safari moja alipopewa nakala ya maelezo yake akakuta yameandikwa kwamba anaonekana yuko vizuri. Na neno homa lenyewe! Kwetu "nasikia homa" ni kuanzia mafua hadi uchovu. Kule ukisema homa wanataka namba. Ukisema mwili umechoka wanasikia huzuni.

Kilichotusaidia pia ni jambo lililotokea kwao wenyewe. Septemba 2025 serikali ya Uingereza ilianzisha kanuni inayoitwa kwa jina la Jess, binti wa miaka 27 aliyefariki Desemba 2020 kwa saratani baada ya kuwasiliana na kliniki yake zaidi ya mara 20. Kanuni inawataka madaktari wa familia wafikiri upya mgonjwa anaporudi mara tatu na dalili zilezile au zinazozidi. Jess alikuwa Mwingereza, Kiingereza ni cha mama yake, na bado hakusikilizwa. Hilo lilinipunguzia hasira za rangi kidogo, likaniongezea huzuni. Mdogo wangu alipoingia Oktoba na barua yake, hakupayuka wala hakulia. Alisema hii ni mara ya saba, dalili ni zilezile, naomba mfikiri upya, na kama hamwezi, naomba rufaa kwa wanaoshughulikia magonjwa ya kuambukiza. Na akaomba kwamba kama jibu ni hapana, sababu iandikwe kwenye faili lake. Daktari, msichana mdogo ambaye hakuwa amemwona kabla, alisoma ukurasa wote. Akauliza: kondo ni la mbuzi huyo huyo aliyetoa maziwa? Mdogo wangu anasema hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Damu ilikwenda hadi Liverpool, kwenye maabara yao ya brusela. Katikati ya Novemba majibu yakarudi: ni brusela. Dawa mbili, doksisaiklini na rifampisini, wiki 6 bila kuruka siku.

Najua wapo watakaosema namfundisha mgonjwa kujidai daktari. Hapana. Ugonjwa nilioukisia mimi ungeweza kuwa si wenyewe. Jasho na kupungua uzito vinaweza kuwa TB, vinaweza kuwa saratani, na ndiyo maana tulidai uchunguzi, hatukudai dawa. Nami ninao mfano wa upande wa Arusha usio na kijidudu chochote. Mtu aliyekulia chini ya Meru, Ngarenanyuki au Maji ya Chai, amekunywa floridi utotoni mwake wote kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa kikomo. Hapa tunaitambua kwa meno ya kahawia na tunatania. Lakini floridi hiyo huingia pia kwenye mifupa, na mtu mzima huyo akiwa Ujerumani, mgongo umekaza na magoti hayakunjiki, ataambiwa ni baridi yabisi. Asiposema mwenyewe nimekulia maji ya aina gani, nani atauliza? Meno ameshayatengeneza.

Desemba iliyopita mdogo wangu hakuja, alikuwa kwenye vidonge. Mwaka huu anakuja, tiketi ameshakata. Mama ameambiwa kwamba maziwa sasa yanachemshwa mpaka yaumuke. Amejibu kwamba ameyanywa mabichi miaka 78 na hajafa. Nimenunua sufuria kubwa Soko la Kati na glavu pakiti mbili, nimevipandisha Kibosho mwenyewe.