Mwashangilia mwezi wa kwanza tu

Jana barazani hapa Changamwe bwana mmoja alituzungushia simu yenye video: kisima cha Texas chamwaga mafuta. "Na sisi tupasue mwamba Turkana, petroli ishuke!" Kahawa ikanipalia. Ishuke vipi, na kiwanda chetu kiliacha kusafisha mafuta ghafi tangu 2013?

Lakini kilichonikera zaidi ni ile video. Kisima kikilazwa ndani ya mwamba usiopitisha kitu kilomita mbili, tatu, kikasukumiwa maji na mchanga kwa nguvu mpaka mwamba ukaachia, lazima kianze kwa kishindo. Mafuta yaliyo karibu na nyufa yanakimbilia nje. Mwaka mmoja baadaye mtiririko umeporomoka kupita nusu, na hapo hutamwona mtu na kamera. Miamba ya aina ile, kama ule wa Bakken kule North Dakota, Marekani, kisima kikiachiwa nguvu zake mwenyewe kwa kawaida hakifikishi hata asilimia 10 ya mafuta yaliyomo. Mengine yote yamenasa kwenye vitundu visivyofikiwa na ufa.

Nazi nayo haikamuliwi mara moja, jamani. Tui zito likishatoka unatia maji, unakamua tena. Kule Eagle Ford, hukohuko Texas, wapo wanaosukuma gesi ndani ya kisima kilichochoka, wanakifunga ipenye na kuyafanya mafuta mepesi, kisha wanakifungua, halafu wanarudia. Wengi lakini huona raha kuchimba kipya ubavuni, hata kikimpokonya mkubwa wake shinikizo. Kisima kipya kinapendeza kwenye ripoti ya wawekezaji.

Haya, bila kupasua kwanza hiyo gesi ingepita wapi? Nakubali. Na kompresa zake, mashine za kuishindilia, si bei ya mbaazi.

Turkana nako ugonjwa ni mwingine. Mafuta ya Lokichar yana nta, yakipoa yanaganda. Ndiyo maana bomba la kwenda Lamu lilipangwa liwe la kupashwa moto. Na ili visima visife mapema, mpango ulikuwa kusukuma maji chini, yavutwe kutoka bwawa la Turkwel. Maji, Turkana! Hilo ndilo la kulipigia kelele: yatavutwa kiasi gani mwaka wa ukame, na nani atakatiwa kwanza, kisima au mwenye mbuzi?